Siku ya kupanga si siku ya mionzi
Mgonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi hupanda basi Kigoma hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, akidhani ataanza mionzi akifika.

Sivyo. Kwanza kuna siku ya kupanga matibabu: hulazwa kwenye mashine ya CT, atulie tuli, kisha huchorwa alama za wino zitakazoelekeza mionzi palepale kila siku. (Dodoki lisiziguse!) Mara nyingi huambiwa anywe maji na kubana mkojo, maana kibofu kilichojaa husogeza utumbo kando. Aliyepitia chooni kwa adabu tu, huanza kunywa upya.

Maelezo haya yangefaa kutolewa na hospitali inayompa rufaa, kabla hajakata tiketi, ili ajue pia kwamba matibabu huchukua wiki kadhaa na apange nani atabaki na watoto.