Nyaraka za Ukambani Zirudi kwa Wenyewe

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Lakini iko mali yenye daftari, na bado mwenyewe hana habari nayo. Hayo ndiyo yaliyozipata Kitui na Makueni.

Taarifa za mabwana D.C. wa enzi za ukoloni zimo Nairobi, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Makueni ina taabu zaidi, maana haikuwa wilaya mpaka mwaka 1992. Habari zake za nyuma sharti zitafutwe chini ya jina la Machakos. Katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kilijipatia nakala za filamu za taarifa za wilaya zetu. Basi mwanafunzi wa huko azisoma kwao, na wa Mutomo au Kibwezi atafuta nauli ya basi. Je, huu ni uungwana?

Si kwamba nazisifu taarifa hizo. Mtawala aliandika ya mtawala. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba hadi Nairobi kupinga kuuzwa ng'ombe wao kwa nguvu, na serikali ikamhamishia Lamu. Asomaye maneno ya serikali peke yake asikia shauri la upande mmoja. Kwa hiyo barua zilizomo masandukuni mwa wazee, na vitabu vya makanisa na misikiti, navyo vipigwe picha, kwa idhini ya wenyewe.

Huko huko Lamu uko mfano. Miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha za kompyuta kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza. Karatasi zilibaki Lamu, picha zikaenea duniani. Linganisheni na miswada ya tenzi aliyoikusanya Krapf, yule aliyefika Kitui mwaka 1849: hiyo ilikwenda kukaa Ujerumani.

Ila tusidanganyike. Sisi tuliofunzwa chuoni kwa ubao twajua kuwa ubao huoshwa. Kompyuta nayo ni ubao. Ikiharibika, maandishi hayapo. Karatasi yenyewe ilindwe na mchwa, na nakala zikae pengi: Nairobi, Wote, na katika chuo kikuu kilichoko Kitui. Tena orodha yake iandikwe kwa Kikamba na Kiswahili, ili mzee aitafutaye habari ya ukoo wake asihitaji mkalimani.

Kazi hii ni ya serikali mbili za kaunti, na gharama yake haishindi ya barabara. Amana hurejeshwa kwa mwenyewe angali hai kuipokea.