Shamba Likaguliwe Kabla ya Trekta

Ukaguzi wa mambo ya kale mashambani ni kazi ya kutafuta alama za watu waliopata kuishi, kulima au kufua chuma mahali fulani, nayo hufanywa kabla mradi haujaigusa ardhi. Wakaguzi hujipanga safu moja, wakaachana hatua kadhaa, wakatembea polepole macho chini. Huokota vigae vya vyungu, ushanga, mawe yaliyochongwa na mavi ya chuma. Kila mahali kilipookotwa kitu hutiwa kwenye ramani, kisha huchimbwa vishimo vya majaribio kuona kilichomo chini. Wakati wake ni kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Masika yakishika, majani hufunika kila kitu.

Haifai kungoja hadi trekta liingie. Plau hugeuza udongo kwa kina cha sentimita 20 hadi 30, na humo ndimo mabaki mengi ya makazi ya zamani yalimolala. Usawazishaji wa mashamba ya mpunga na uchimbaji wa mifereji hushuka chini zaidi. Kigae hakipotei, ila kinahama, na kikishahama hakimwambii mtu tena kilikuwa juu ya jivu la jiko gani wala kilizikwa pamoja na nini.

Wapo wanaoona kwamba hii ni anasa ya wasomi, na kwamba mwenye njaa hali vigae. Jibu lao liko Engaruka, wilayani Monduli, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Huko kuna mashamba ya kale yaliyotandaa kilomita za mraba zipatazo 20, na dereva wa buldoza angeyadhania kuwa mawe ya kuondolewa njiani. Mawe hayo ni kingo za majaruba. Kati ya karne ya 15 na ya 18 wakulima wa hapo walivuta maji ya vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, wakayapitisha kwenye mifereji iliyojengewa mawe, wakalima mtama na kufuga ng'ombe katika mazizi ya mawe. Watafiti wamegundua jambo kubwa zaidi: katika baadhi ya sehemu hata udongo wenyewe ulitengenezwa. Kuta ziliyapunguza kasi maji ya mafuriko, tope likatua tabaka juu ya tabaka, mpaka pakawa shamba. Skimu ngapi za leo zinahangaika na tope hilohilo likiziba mifereji! Kwa nini Engaruka ilihamwa, bado wataalamu wanabishana. Ni swali linalomhusu mhandisi wa umwagiliaji kama linavyomhusu mwanahistoria.

Tanzania Bara inayo kumbukumbu chungu ya haraka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga huko Kongwa, ikafyeka mapori kwa mitambo kabla ya kuchunguza vya kutosha mvua na udongo. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, fedha nyingi zikiwa zimeteketea. Wagogo wa huko, waliokuwa wakiishi na ukame tangu jadi, walikuwa na mengi ya kueleza, laiti wangeulizwa.

Sheria si haba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu na majengo yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa. Udhaifu uko kwenye utekelezaji. Tathmini ikijazwa mezani, mambo ya kale hupewa aya moja, nayo husema hakuna kilichoonekana. Kisichotafutwa kitaonekanaje?

Gharama ya ukaguzi inapaswa kubebwa na mwenye mradi, kama anavyobeba gharama ya kupima udongo, na wenyeji waajiriwe katika safu ya wakaguzi. Mkulima aliyepalilia shamba miaka mingi anajua ni kona gani jembe lake hugonga mavi ya chuma. Halmashauri za vijiji zinazoandaa mipango ya matumizi ya ardhi ziwaite wakulima kama hao, ziyatie maeneo wanayoyataja kwenye ramani ya kijiji, na zimtake kila mwekezaji taarifa ya ukaguzi kabla ya kumruhusu kufyeka.