Jasho la mlezi wa winga lisipotee

Winga huishi kwa mbio zake, na mbio hazidumu. Kijana aliyewahangaisha mabeki akiwa na miaka 20, akifika 32 huanza kutafutiwa nafasi nyingine uwanjani, au huachwa kabisa. Msimu wa mavuno ni mfupi, kwake na kwa waliomlea.

Wakenya hawajamsahau Dennis Oliech. Mwaka 2003, akiwa kijana wa miaka 18 aliyekuzwa na Mathare United, aliifungia Harambee Stars bao lililoilaza Cape Verde na kuirejesha Kenya katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 12. Mwaka 2004 huko Tunisia alifunga tena, Kenya ilipoichapa Burkina Faso 3-0 na kupata ushindi wake wa kwanza katika fainali hizo. Alicheza Qatar, kisha Ufaransa katika klabu za Nantes, Auxerre, alikotumiwa mara nyingi pembeni, na Ajaccio. Mwaka 2019 alirejea nyumbani kuichezea Gor Mahia, jua la mchezo wake likielekea kuchwa.

Mchezaji wa aina hii anapouzwa, sisi mashabiki huulizana amepata kiasi gani. Ni wachache wanaouliza mlezi wake amepata nini. Ilhali kanuni za FIFA ziko wazi: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomfunza tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Klabu iliyomlea katika miaka ya ujana, tangu anapotimiza miaka 16, hupata nusu ya asilimia moja kwa kila msimu. Winga akiuzwa kwa Sh100 milioni, hiyo ni Sh500,000 kwa msimu mmoja tu. Kwa timu ya kijijini, hizo ni jezi, mipira, nauli na karo.

Lakini fedha hizo hufuata karatasi, wala hazifuati sifa. Timu isiyosajiliwa, na isiyoweza kuthibitisha kwamba kijana fulani aliichezea msimu fulani, haina cha kudai.

Tutazame Malili, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Ardhi yake ya ekari 5,000 ilitengwa kwa ajili ya jiji la teknolojia la Konza, ambalo Rais Mwai Kibaki aliliwekea jiwe la msingi mwaka 2013. Haifai mahali palipojengwa hazina ya kumbukumbu za taifa zima pawe na watoto wanaocheza kandanda mwaka baada ya mwaka bila majina yao kuandikwa popote.

Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Makueni na Kitui zisiishie kugawa jezi na vikombe wakati wa kampeni. Zizisaidie timu za vijiji kulipa ada za usajili na kuweka daftari la kila mchezaji: jina, tarehe ya kuzaliwa na misimu aliyocheza. Nalo Shirikisho la Kandanda lifikishe usajili hadi mashinani.

Mgala muue na haki yake umpe. Kocha wa kijijini haombi sadaka. Anachostahili ni haki yake, na haki hiyo huanzia kwenye daftari.