ULAJI WA UVUNGUNI

Juzi nikiwa Mgololo, kule kwenye kiwanda cha karatasi, kijana mmoja kaninong'oneza: "Kaka, babu kaacha bunduki ya Mjerumani uvunguni. Nitafutie Mzungu, tule!"

Hajakosea sana. Huko Marekani, Mosin-Nagant ya Mrusi iliyouzwa chini ya dola 100 miaka ya 2000, siku hizi inapita 300. Maghala ya Ulaya Mashariki yamekauka, wapenzi wa vya kale wanagombania.

Lakini mdogo wangu, wenzako wananunua dukani, kwa karatasi. Wewe kibali huna, na sheria ya 2015 haijui urithi wa uvunguni. Mpeleke mtendaji wa kijiji akaione, polisi waichukue. Ulaji mwingine mwisho wake lupango!