Boksi Halijafa, Klachi Haikati

Na Mzee wa Makoroboi

Ipo hukumu inayotolewa kwenye gereji za Mwanza, kuanzia Mabatini hadi Igoma, kwa kasi ambayo hakimu wa mahakama ya mwanzo angeionea wivu: "Boksi limekufa." Land Rover ya miaka ya 60 inaletwa, gia zinaingia kwa kuvutwa na mikono miwili, fundi anatikisa liva kulia na kushoto, anaguna, anatamka. Baada ya hapo kinachojadiliwa ni bei tu. Hakuna aliyefungua kikopo cha mafuta ya klachi kutazama ndani, hakuna aliyeuliza boksi lilijazwa oili gani, hakuna aliyelala chini ya gari kuona kama pampu inavuja. Tangu Arusha wafanye tamasha lao la Land Rover Oktoba 2024, kila mwenye chuma cha marehemu babu yake anataka kukifufua, na hukumu hiyo imezidi kutembea. Nasema mapema ili tusipotezeane muda: boksi linalohukumiwa hivyo mara nyingi ni zima, na mgonjwa ni klachi. Wenye IST na Passo fungueni ukurasa wa michezo, leo si zamu yenu.

Kipimo chenyewe hakitaki spana hata moja. Zima injini. Kanyaga klachi, pitisha gia zote moja baada ya nyingine. Mojawapo ikigoma kwa kuwa meno yamekutana uso kwa uso, sukuma gari kidogo ujaribu tena. Sasa washa injini, urudie. Gia zilizoingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa zikigeuka mawe injini ikinguruma, boksi limekwisha kujitetea. Meno, pete na uma zilizomo ndani ni zilezile katika majaribio yote mawili. Kilichoongezeka ni injini inayozunguka, na klachi iliyopaswa kuitenga na boksi haikati. Shafti inayoingia kwenye boksi inaendelea kuburuzwa, na pete za shaba za sinkronaiza, ambazo kazi yake ni kulinganisha mwendo wa gia na shafti, zinajikuta zinavutana na injini nzima. Asiyeridhika akanyage klachi mpaka mwisho, ahesabu taratibu hadi kumi, kisha atie rivasi, ambayo kwenye Land Rover hizo haina sinkronaiza. Klachi ikikata sawasawa, shafti itakuwa imetulia na rivasi itaingia kimya. Ikikwaruza, kuna kitu bado kinaizungusha.

Kitu hicho hutafutwa nje ya boksi kwanza. Kwenye Land Rover hizi pedali inasukuma mafuta kutoka pampu ya juu hadi pampu ya chini, na fimbo ya pampu ya chini ndiyo inayosogeza mkono wa klachi. Kanyaga pedali mara tatu za haraka. Gia zikilainika kwa muda, ama kuna upepo kwenye mfumo, ama raba ya pampu imechoka na presha inavuja. Zisipolainika, mtu mmoja akanyage pedali na mwingine atazame chini fimbo inasogea kiasi gani, kwa sababu pini na bushi zilizolika zinaweza kula nusu ya mwendo wa mguu kabla haujafika unakotakiwa. Sisi wa kando ya ziwa tuna mzigo wa nyongeza. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo hayohayo ya klachi, hunyonya unyevu wa hewani. Yakiachwa miaka bila kubadilishwa, silinda ya pampu inashika kutu kwa ndani na kutu hiyo inachana raba. Gari likikaa miezi mitatu uani Pasiansi bila kuwashwa, klachi pleti nayo inaweza kugandana na flaiwili. Kuna bushi ndogo pia katikati ya flaiwili, inayobeba ncha ya shafti. Ikikwama, shafti inazunguka na injini hata klachi ikikata vizuri. Na yupo yule jamaa aliyeona kikopo kimepungua akamimina oili ya injini: raba zote zimevimba, halafu anashangaa pedali hairudi. Sizungumzii wale wanaotandika kapeti la sebuleni hadi chini ya pedali. Hao tulishamalizana nao.

Najua nitakachojibiwa: magari ya zamani ndivyo yalivyo, ugumu ni tabia yake. Hoja hii ina ukweli kiasi. Land Rover za Series II za mwaka 1958, na IIA zilizofuata 1961, zina sinkronaiza kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Ilikuja kutimia gia zote za mbele kwenye Series III, mwaka 1971. Kwa hiyo anayeshusha kutoka gia ya tatu kwenda ya pili kwenye IIA, akipanda mlima wa Bugando, bila kukanyaga klachi mara mbili na kugusa mafuta katikati, akisikia kelele asimwite fundi, akajifunze kuendesha. Lakini tabia ya gari haibadiliki kati ya Januari na Juni. Gari lililokuwa likiingia gia kwa vidole viwili mwaka jana, likataka mikono miwili mwaka huu, linaumwa. Vyuma vya zamani havikuzaliwa vigumu: Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404, gari ambalo liva yake ya gia ipo kwenye usukani. Hakushinda kwa kupigana na gia.

Peugeot hiyohiyo inatupeleka kwenye oili, mahali ambapo mafundi wengi huharibu kwa nia njema. Boksi la 404, na la 504 iliyoirithi, kiwandani lilipangiwa oili ya injini. Mwenzetu akiona neno "gia" anamimina namba 140, nzito kama asali ya Tabora, halafu sinkronaiza inashindwa kuikata oili hiyo kwa wakati na gia inakuwa ngumu mpaka gari lipate moto. Land Rover yenyewe inatumia namba 90, ila namba 90 zinatofautiana: iliyoandikwa GL-5 ilikusudiwa difu, ina utelezi usiofaa sinkronaiza, na kemikali zake zinaweza kuila shaba. GL-4 ndiyo ya kuomba dukani. Na wanaosema oili inaganda kwa baridi ya asubuhi wahamie Makete. Mwanza hakuna baridi hiyo.

Maboksi hufa, sikatai. Gia zikiwa ngumu hata injini imezimwa, gia moja tu ikisumbua huku nyingine zikiteleza, gia ikiruka yenyewe kwenye mteremko, oili ikimwagwa ikatoka na vipande vya chuma au vumbi la shaba: hapo fungua bila kubishana. Ila gia zote nne haziwezi kufa siku moja kama abiria wa basi. Na boksi linalokufa kweli mara nyingi limeuawa na klachi isiyokata, iliyolazimisha pete kusagika kila gia inapoingia. Ndiyo maana fundi anayebadilisha boksi akaiacha pampu ileile inayovuja anarudishiwa gari baada ya miezi michache, na yeye huona ni ushahidi kwamba spea za siku hizi ni mbovu.

Mafundi watasema mteja hawezi kulipia dakika kumi za kukanyaga pedali, anataka kuona kazi. Hilo ni kosa letu wenye magari, nalikubali. Tumelea vijana kwenye otomatiki za mtumba kutoka Japani, mguu wa kushoto hawaujui kazi yake, tukawafundisha kwamba kazi inayolipa ni ile inayochafua mashati ya watu wanne. Hata neno lenyewe la kushusha boksi ni uongo kwa Land Rover za Series: kwa kawaida unang'oa viti, unang'oa sakafu, kisha boksi linanyanyuliwa ndani ya kabini na kutolewa mlangoni. Raba za pampu ya chini zinaenea kwenye kiganja.

Kwa hiyo kabla hujakabidhi ufunguo, mwambie fundi azime injini na kupitisha gia mbele yako. Akikataa, ondoka, Land Rover inatembea hata kwa gia mbili, na gereji Mwanza hazijaisha. Wa IST, Jumapili ijayo ni zamu yenu.