Sitiari Sokoni: Nyaya za Sauti na Lugha ya Muuzaji

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilinijia nikiwa katika duka moja la vyombo vya muziki mjini Kitengela, nilipoandamana na kamati ya vijana wa kanisa letu kununua waya wa kuunganisha amplifaya na spika. Fedha zilikuwa za harambee. Akina mama kutoka vijiji vya Kajiado walikuwa wameuza mbuzi ili kuzichanga. Muuzaji alituwekea nyaya mbili. Wa kwanza ulikuwa wa shaba ya kawaida. Wa pili, wenye vichwa vya rangi ya dhahabu, bei yake ilikuwa mara kumi ya ule wa kwanza, nao, alisema, ungeipa kwaya "sauti yenye uhai na joto". Tukanunua wa pili. Jumapili iliyofuata, spika yetu iliyochanika iliendelea kukoroma vilevile.

Ni maoni yangu kwamba siku hiyo tulinunua vivumishi, wala si waya.

Hebu tuyapime madai yenyewe. Kwanza, shaba "isiyo na oksijeni". Shaba ya kawaida ya nyaya za umeme ina usafi usiopungua asilimia 99.9, hiyo nyingine hufikia 99.95 au 99.99. Tofauti ya ukinzani wao ni kama asilimia 1 hivi, nayo hufidiwa kwa waya mnene kidogo tu. Pili, dhahabu. Madini haya hupitisha umeme vibaya kuliko shaba. Sifa yake ni kutoshika kutu, jambo jema kwa kichwa cha waya, ila halihusiani na "joto" lolote la sauti.

Simaanishi kwamba nyaya zote ni sawa. Waya mwembamba ukiwa mrefu hupoteza nguvu. Aidha, zipo nyaya za alumini zilizofunikwa kwa shaba, ilhali ukinzani wa alumini unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu. Lakini waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ukienda mita 10 hadi kwenye spika ya omu 8, una ukinzani wa takriban omu 0.23 kwenda na kurudi, yaani chini ya asilimia 3 ya ule wa spika.

Wapo watakaosema kuwa sikio ndilo hakimu. Naam, basi na lihukumu bila kuambiwa bei. Mwenzako abadilishe nyaya mara 10 nyuma ya pazia, nawe utaje upi unaolia. Anayebahatisha atapatia karibu mara 5. Mwaka 2007, bingwa wa mazingaombwe James Randi wa Marekani aliahidi dola milioni 1 kwa yeyote atakayetofautisha kwa sikio pekee nyaya za Pear Anjou, zilizouzwa dola 7,250, na nyingine za bei ya chini zaidi. Jaribio hilo halikufanyika.

Je, hili lamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili? Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa, na kinalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki na ya kweli. Lakini habari hutolewa kwa lugha, na uongo vilevile. Darasani tunafunzwa kuichambua sitiari ya mshairi, ambaye hatudai hata senti. Dukani tunaimeza ya muuzaji na kumlipa juu yake.

Kwa hivyo, msomaji mpenzi, ukiandamana na kamati ya kwenu, uliza: Waya huu una unene gani? Ni shaba tupu au alumini? Nani ameusikiliza bila kujua bei yake? Muuzaji asipokuwa na jibu ila vivumishi, nunua ule wa kawaida, na fedha zinazobaki zitengeneze spika. Mbuzi wa akina mama wa Kajiado hawakuuzwa kwa sababu ya sitiari.