Mvuvi wa dagaa asinunue taa akasahau umeme wake

KWA miaka mingi wavuvi wengi wa dagaa wa pwani ya Tanga, kuanzia Moa wilayani Mkinga hadi Kipumbwi wilayani Pangani, walitegemea karabai kuvutia dagaa usiku wa kiza. Karabai hula mafuta ya taa usiku kucha. Mwaka 2011 Serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta hayo ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, mvuvi naye alibeba mzigo.

Taa za LED za betri ni nafuu ya kweli. Hata hivyo, wapo wanaonunua vitaa vya bei ndogo, wakaviunga moja kwa moja kwenye betri kuukuu ya gari, vikaungua baada ya safari chache. Lawama huangushiwa taa, na karabai hurudishwa chomboni. Kosa liko kwenye umeme unaoilisha taa hiyo.

LED haijui kujizuia. Volti zikizidi kidogo tu, umeme unaopita ndani yake huongezeka sana, nayo huchemka na kufa. Betri ya volti 12 iliyojaa huwa na karibu volti 12.7, na ikiwa inachajiwa hupita 14. Kwa hiyo taa zisiwashwe wakati wa kuchaji.

Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka mbali. LED nyeupe ya wati 1 hutumia takriban volti 3. Fundi redio akiunga tatu kwa mfululizo, zinachukua kama volti 9. Volti zinazobaki humezwa na rezista moja ya omu 10, yenye uwezo wa wati 5 ili isiungue. Mistari minne ya namna hiyo hutoa taa 12, nazo zifungwe kwenye kipande cha alumini kinachopunguza joto. Karibu na betri iwekwe fyuzi ya ampea 3, kwa sababu waya ukigusana bila fyuzi unaweza kuwasha moto chomboni.

Mfanyabiashara apige hesabu. Taa hizo 12 hutumia takriban ampea 1.4. Kwa saa 10 ni ampea-saa 14. Betri nzima ya ampea-saa 40 inatosha bila kushushwa chini ya nusu, na kuishusha zaidi kila usiku ni kuiua mapema. Paneli ya jua ya wati 50, pamoja na kidhibiti chaji, inaweza kurudisha umeme huo katika siku moja ya jua zuri.

Wapo watakaosema ni afadhali kununua taa iliyokamilika dukani. Ni kweli kwa mwenye mtaji. Lakini taa ya dukani ikiharibika, mara nyingi hutupwa nzima. Iliyoundwa na fundi wa Kigombe au Sahare hutengenezwa hapohapo, na fedha yake hubaki pwani. Adui mkubwa ni chumvi, hivyo kila kiungo kilehemiwe na kufunikwa kwa silikoni.

Hapa ndipo SIDO na VETA mkoani Tanga wanapohitajika. Mafunzo mafupi kwa mafundi redio wa vijiji vya wavuvi yangeanzisha ajira nyingine. Vikundi vya BMU navyo vinaweza kununua vifaa kwa jumla, huku maofisa uvuvi wakieleza masharti ya uvuvi wa taa, maana mwanga mwingi usiofuata sheria hauna faida kwa yeyote.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Rezista na fyuzi ni vitu vidogo, lakini vikikosekana mvuvi hupoteza taa, betri na usiku mzima wa kazi. Anayejiandaa kwa kiza kijacho aanze na umeme, kisha ndipo ahesabu taa.